Fuata Besi: Mwongozo wa Kutafuta na Kupendekeza Drum and Bass Ukiwa Kigoma

Mwekee mtu wa Mwanga au Ujiji wimbo wa drum and bass kwa mara ya kwanza, tena kwa spika ya simu, naye atakuuliza moja kati ya mawili: simu imeharibika, au hii ni singeli iliyokosa mwimbaji? Usimcheke. Swali la kwanza limeletwa na kifaa chako, kwa sababu simu imemeza nusu ya muziki wenyewe. La pili limeletwa na sikio ambalo tayari limezoea kasi, na hilo ni jambo jema kwako wewe unayetaka kumshawishi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuujua muziki huu akiwa huku kwetu, ukingoni mwa Tanganyika, bila klabu ya usiku ya kuupiga na bila duka la sahani, kisha aweze kumpa mwenzake bila kumchosha. Ninaamini Kigoma ina milango mingi ya kuingilia kuliko tunavyodhani. Tunasifiwa kwa waimbaji. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya huku walijikusanya kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa Leka Dutigite, na ukitaja Ali Kiba, Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex au Peter Msechu hakuna atakayekuuliza ni nani. Lakini sauti ya mwimbaji imetufanya tusahau kwamba tumezungukwa na ngoma pande zote, na drum and bass ni muziki unaomweka mpiga ngoma mbele na mwimbaji nyuma, kama yupo.

Unachokisikia ni nini

Muziki huu ulizaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, hasa London na Bristol, mikononi mwa vijana ambao wengi wao wazazi wao walitoka visiwa vya Karibi. Walichukua vipande vya ngoma kutoka sahani za zamani za Kimarekani, wakavikimbiza, wakavikatakata na kuvipanga upya kwa kompyuta, halafu chini yake wakaweka besi nzito waliyoirithi kwenye maspika makubwa ya Jamaika. Mwanzo uliitwa jungle. Kufikia katikati ya muongo ule jina la drum and bass lilikuwa limeshika, na hadi leo wapo wanaogombana juu ya mpaka kati ya majina hayo mawili. Ugomvi huo waachie wenyewe.

Kipande kimoja cha ngoma kimebeba sehemu kubwa ya historia hii. Mwaka 1969 kundi la The Winstons la Washington lilitoa wimbo Amen, Brother, upande wa pili wa sahani yao iliyovuma. Katikati ya wimbo vyombo vingine vinanyamaza na mpiga ngoma, Gregory Coleman, anabaki peke yake kwa sekunde zisizozidi saba. Sekunde hizo zimekatwa na kurudiwa katika maelfu ya nyimbo. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa fukara, na hakulipwa kitu kwa matumizi hayo. Likumbuke jina lake, nitalirudia.

Sasa hesabu. Shika simu, weka saa ya kupima, hesabu midundo kwa sekunde 15 kisha zidisha kwa nne. Amapiano itakupa kama 110 hadi 115 kwa dakika. Drum and bass huwa kati ya 165 na 180, nyingi zikiwa karibu na 174. Singeli inaanzia hapo kwenye 180 na kupanda, nyingine hadi 300. Kwa hiyo kwa kijana wa Kitanzania kasi haiwezi kuwa ndiyo kikwazo. Amekwisha kucheza vya kasi zaidi kwenye vigodoro.

Kinachomchanganya ni kwamba muziki huu una mwendo wa aina mbili kwa wakati mmoja. Ngoma zinakimbia, besi inatembea. Ukitikisa kichwa kwa kufuata ngoma utachoka baada ya dakika moja. Tikisa kwa kufuata besi, yaani nusu ya kasi, midundo 87 hivi, nawe utajikuta kwenye mwendo wa rege. Zoezi langu kwa anayeanza ni hili: piga makofi pale tu unaposikia mlio mkavu. Mpangilio wa kawaida unakwenda dum, ka, kimya kidogo, dum-ka. Makofi yako yaangukie kwenye “ka” zote mbili. Ukiweza kufanya hivyo kwa wimbo mzima bila kupotea, umeshaingia ndani. Mengine yote ni kuchagua.

Kabla hujatafuta wimbo, tafuta kifaa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoishia.

Besi ya muziki huu mara nyingi hukaa kwenye mitetemo 40 hadi 60 kwa sekunde. Spika ya simu ya kawaida inaanza kukata tamaa chini ya mitetemo mia mbili hivi. Maana yake unayemsikilizisha kwa simu unampa matoazi na milio mikavu tu, kelele za juu juu, halafu unashangaa akisema hapendi. Simu ni ya kutafutia, si ya kusikilizishia.

Una njia tatu za bei ya kawaida. Ya kwanza ni spika za masikioni za waya, hata zile za elfu chache, mradi mipira yake izibe sikio sawasawa. Hewa ikipenya, besi inatoka nayo. Bonyeza kidogo kwa kidole. Sauti ikiwa nzito ghafla, ujue ulikuwa umezivaa vibaya, badilisha mpira.

Ya pili ni sabufa ya sebuleni, ambayo karibu kila mtaa wa Gungu, Katonga au Buzebazeba inapatikana, kama si kwako basi kwa jirani. Kosa la kila nyumba ni kufungua kitufe cha besi hadi mwisho. Rudisha katikati. Besi ikizidi inakuwa mvumo mmoja usio na sura, na utamu wa muziki huu uko kwenye kuzitofautisha noti za chini zinapopanda na kushuka. Sogeza boksi karibu na ukuta au kona kama besi ni dhaifu, kwa sababu ukuta unairudisha ndani. Livute mbali kama linavuma kupita kiasi. Na toa vikombe juu ya kabati la vioo. Ukivisikia vikigongana utadhani ni sehemu ya wimbo.

Halafu zunguka chumbani. Wimbi la sauti ya mitetemo 50 lina urefu wa karibu mita saba, kwa hiyo katika chumba cha kawaida kuna sehemu besi inajaa na sehemu inapotea kabisa. Anayekaa kochi la katikati anaweza asisikie kile anachokisikia aliyeegemea mlango. Mkaribishe mgeni wako mahali penye besi. Ni adabu, kama vile kumpa kiti kisichoyumba.

Njia ya tatu ni bajaji. Sitanii. Ziko bajaji zinazoshuka Kibirizi au kupanda Mwandiga zenye besi safi kuliko kumbi zetu, kwa sababu ni chumba kidogo na spika iko nyuma ya mgongo wako. Mwombe dereva kwa heshima, mpe flashi, na usimpangie sauti. Huyo ni msikilizaji wako wa kwanza: akirudia wimbo mwenyewe, umefaulu.

Ufukweni ni habari nyingine. Kule Bangwe au kwenye mchanga wowote wa ziwa hakuna ukuta wa kuirudisha besi, inakwenda zake majini. Ukitaka kupiga nje, tafuta ukuta wa kuegemeza spika, la sivyo utapandisha sauti bure na kuua koni.

Mlango wa kwanza uko Burundi

Anayetaka kumpa mtu wa Kigoma sababu ya kusikiliza drum and bass aanze na ngoma za Kirundi. Hazihitaji maelezo huku. Kiha na Kirundi ni lugha za jirani sana, watu wamevuka Manyovu huku na huko tangu mpaka haujawa mpaka, na baada ya machafuko ya Burundi ya 2015, pale maelfu ya wakimbizi walipokusanyika Kagunga na kuletwa Kigoma kwa meli ya MV Liemba, ngoma ziliendelea kupigwa hata makambini.

Sikiliza zinavyopangwa. Ngoma kumi na kitu, daima idadi witiri, zinasimama nusu duara kuizunguka moja ya katikati. Hiyo ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Amashakwe zinashikilia mdundo usiokatika, na ibishikizo zinafuata maelekezo ya inkiranya. Kwa hiyo kuna tabaka lisilobadilika na tabaka linalobadilika juu yake. Sasa rudi kwenye wimbo wowote wa drum and bass: utakuta jambo hilo hilo, mdundo unaoshikilia na vipande vinavyoruka juu yake, ila vimepangwa na mtu mmoja kwenye kompyuta badala ya kundi zima la wanaume. Sisemi Waingereza waliiga Burundi. Nasema sikio lililojifunza kutenganisha amashakwe na inkiranya halitapata shida kutenganisha tabaka za jungle, na hicho ndicho kipaji ambacho msikilizaji wa Ulaya hulazimika kujifunza ukubwani.

Ngoma hizi zilikwisha kuingia kwenye muziki wa Magharibi zamani kabla ya jungle. Mwaka 1967 zilirekodiwa kwa ajili ya lebo ya Kifaransa ya Ocora. Mfaransa mmoja akaongezea piano na gitaa juu ya rekodi hiyo na kuitoa mwaka 1971 kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akaitumia rekodi ya wapiga ngoma hao katika The Jungle Line. Mwaka 1980 kundi la Adam and the Ants likajenga mdundo wake kwa mtindo huo huo, na mwaka 1982 wapiga ngoma wenyewe walipanda jukwaani Uingereza kwenye tamasha la kwanza la WOMAD. Wapiga ngoma wa 1967 hawakujulikana kwa majina. Hapa ndipo Coleman anaporudi: anayepiga ngoma husahaulika haraka kuliko anayeshika maikrofoni, iwe Gitega au Washington.

Ukipata nafasi, nenda ukazione. Patakatifu pa ngoma pa Gishora pako kilomita chache kutoka Gitega, na ukitoka Kigoma unapitia Manyovu. Beba pasi ya kusafiria au hati ya muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. UNESCO iliingiza ngoma hizi kwenye orodha ya urithi mwaka 2014. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ikatoa agizo linalozuia wanawake kuzipiga na kulitaka kila kundi lijisajili wizarani. Naliona agizo hilo kuwa hasara, lakini ndiyo hali, nawe usimwombe mtu akuvunjie sheria ya kwao kwa ajili ya video ya simu.

Mlango wa pili: Mburahati na Kampala

Singeli ndiyo ndugu wa karibu zaidi kwa kasi, ingawa si wa damu moja. Ilitoka uswahilini Dar es Salaam, ikiwa na mizizi kwenye mchiriku na vinanda vyake vidogo vya Casio. Albamu ya Jagwa Music, Bongo Hotheads ya 2012, ni mahali pazuri pa kuusikia mchiriku ukiwa peke yake. Wengi wanaijua singeli kwa waimbaji: Msaga Sumu, Sholo Mwamba, Man Fongo, Dulla Makabila. Kwa kazi yetu hapa tafuta maprodyuza. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko Sounds of Sisso mwaka 2017, kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Baada ya hapo sikiliza Poaa ya Bamba Pana (2018), Mr Mixondo ya DJ Travella (2022), na Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko (2024). Nyingi hazina mwimbaji au zinamweka pembeni.

Tofauti utaisikia mara moja. Singeli inakaa juu. Besi yake ni fupi, imebanwa, na kila kitu kinakimbia pamoja. Drum and bass inakuachia nafasi chini. Anayependa singeli atasema ile nyingine ni ya polepole, na kwa namna fulani ana haki.

Ukitaka daraja kamili kati ya ngoma zetu na besi ya umeme, lipo Kampala na linaitwa Nihiloxica. Ni wapiga ngoma wa Kiganda waliokutana na Waingereza wawili, mmoja kwenye seti ya ngoma na mwingine kwenye vinanda vya umeme. Albamu yao Kaloli ya 2020 haiitwi drum and bass popote, lakini ukimpa mtu aliyekulia kwenye ngoma ataelewa ndani ya dakika mbili unachotaka kumwonyesha. Mimi huanza nayo mara nyingi kuliko wimbo wowote wa London.

Nani umpe nini

Pendekezo zuri linaanza na mtu, kisha wimbo. Muulize kwanza anasikiliza nini akiwa peke yake. Akijibu “kila kitu,” muulize wimbo wa mwisho alioutafuta kwa jina.

Mzee wa rumba, yule anayejua kila sebene lililovuka kutoka Kalemie na Uvira, mpe LK ya DJ Marky na XRS, Wabrazili, ya mwaka 2002. Wamechukua gitaa la wimbo wa zamani wa Jorge Ben na Toquinho wakaliweka juu ya ngoma. Mwambie hivi: “Mzee, sikiliza gitaa tu, ngoma ziache zipite.” Atakuelewa, kwa sababu sebene lenyewe ni pale maneno yanapokwisha na gitaa linabaki kurudia hadi watu wainuke.

Mtu wa rege hana haja ya kubembelezwa. Mpe Incredible ya M-Beat na General Levy, au Original Nuttah ya Shy FX na UK Apache, zote za 1994. Atatambua lafudhi kabla ya kutambua mdundo.

Anayeimba kwaya, au aliyelelewa na taarabu na anataka sauti ya mwanamke yenye uchungu ndani yake, anasubiri Inner City Life ya Goldie, inayoimbwa na Diane Charlemagne. Inatoka kwenye albamu Timeless ya 1995. Lakini usimtumie wimbo wa kwanza wa albamu hiyo wote kama ulivyo: una dakika 21, na mgeni hapewi sinia zima.

Mpenzi wa vyombo halisi, anayelalamika kwamba muziki wa kompyuta hauna mikono ya mtu, mpe Brown Paper Bag ya Roni Size na kundi lake Reprazent la Bristol. Kuna besi kubwa ya nyuzi pale inayonguruma kweli. Albamu yake, New Forms, ilichukua tuzo ya Mercury mwaka 1997 na kuwaudhi wengi waliotegemea magitaa ya roki.

Mwanafunzi anayesoma usiku, au mtu anayetaka kitu cha kusikiliza huku akitazama taa za wavuvi wa dagaa ziwani, apewe LTJ Bukem: Horizons, au mkusanyiko Logical Progression wa 1996. Ngoma zinakimbia lakini sauti zilizo juu yake ni tulivu kabisa. Kwa ladha yangu hakuna muziki wa kigeni unaolipatia ziwa hili usiku kuliko huo.

Kijana wa singeli usimpe Bukem, atalala. Mpe Hold Your Colour ya Pendulum (2005), au rekodi yoyote ya Andy C akiwa jukwaani, anavyobadilisha nyimbo kabla hujazizoea. Na binti anayetaka kutengeneza muziki mwenyewe mtajie Nia Archives, anayeimba na kutengeneza biti kwa mikono yake. Albamu yake Silence Is Loud ilitoka 2024. Mtajie pia Kemistry na Storm, wanawake wawili walioanzisha lebo ya Metalheadz pamoja na Goldie mwaka 1994. Wengi wanamjua Goldie tu.

Kutafuta kwa bando dogo

Njia ya haraka ya kujua muziki huu ni kufuata lebo kuliko kufuata orodha za “bora mia moja.” Ukipenda wimbo mmoja, angalia umetolewa na nani, kisha sikiliza nyingine tatu za lebo hiyo. Metalheadz kwa giza na ufundi, Hospital kwa melodi, RAM kwa nguvu za ukumbini, V Recordings kwa upande wa Bristol na Brazili. Hizo nne zinatosha mwaka mzima.

Kuhusu bando: faili la sauti la ubora wa chini, kilobiti 128, linakula takriban megabaiti moja kwa dakika. La juu, kilobiti 320, linakula karibu mbili na nusu. Seti ya DJ ya saa moja basi ni kati ya megabaiti 58 na 144. Ukiwa unatafuta tu, ubora wa chini unatosha. Kinachopotea kwanza ni makali ya matoazi, besi inabaki. Ukishaamua kwamba unautaka wimbo, pakua wa juu mara moja na uweke kwenye flashi. Kutazama video kila siku kwa ajili ya sauti ni kuchoma pesa. Na unapomtumia mtu kwa WhatsApp, mtumie kama faili la hati, usiurekodi kwa kuelekeza simu kwenye spika. Hilo la mwisho naliona kila wiki.

Bandcamp inakuruhusu kusikiliza kabla ya kununua, na fungu kubwa la bei linamwendea msanii. Nyege Nyege Tapes wako hapo. Kulipa unaweza kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti ya pesa ya simu.

Vijana wa vibanda vya kuingiza nyimbo sokoni Mwanga ni rasilimali, usiwadharau. Wao ndio ramani ya kile mji unasikiliza. Ila nyimbo zao huja bila majina, “Track 01,” “DJ mix mpya,” na ukishapoteza jina la aliyetengeneza umepoteza kamba ya kukupeleka kwenye wimbo wa pili. Unapohifadhi, andika jina la msanii, la wimbo na mwaka. Ni sekunde kumi.

Kupendekeza, na lini kunyamaza

Tuma wimbo mmoja. Viungo kumi vilivyomwagwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo havisikilizwi na mtu, na shangazi yako atakuuliza kama umedukuliwa. Sema sikiliza kwa kifaa gani, anzia dakika gani, na utege sikio kwenye nini. Ujumbe kama huu unatosha: “Kaka, vaa spika za masikioni, ruka hadi dakika ya kwanza, sikiliza besi inavyoingia. Nimekukumbuka kwa sababu ya lile gitaa ulilonitumia juzi.” Maneno kama “kali sana,” “moto,” “hatari” hayamsaidii, kwa sababu kila wimbo unaotumwa mjini unasifiwa hivyo hivyo.

Kisha ngoja. Usimuulize siku hiyo hiyo. Akirudi akasema haukumgusa, muulize kilichomchosha: kasi, kukosa maneno, au urefu? Kila jibu lina wimbo wake. Aliyekosa maneno anahitaji Charlemagne au General Levy. Aliyechoshwa na kasi hakufundishwa kufuata besi, na hilo ni la kwako. Akisema hataki, kubali, na umwombe yeye akupe wimbo wake. Wengi walionifungulia masikio ni watu waliokataa nilichowapa.

Ukiwa na sabufa, kumbuka kwamba besi ndiyo sauti inayopenya ukuta wa tofali kwa urahisi kuliko zote. Jirani haisikii melodi yako, anausikia moyo wake ukigongwa. Katika mitaa ya Ujiji yenye msikiti kila baada ya nyumba chache, zima kabisa wakati wa adhana na sala, kupunguza hakutoshi. Usiku kuna kanuni za kelele zinazosimamiwa na NEMC, taasisi ya mazingira, na kuna balozi wa nyumba kumi, ambaye hufika mapema kuliko NEMC.

Na ukipata dakika tano kwenye redio ya hapa mjini, au nafasi ya kuweka wimbo kwenye sherehe ya mtu, usianze na London. Piga ngoma za Burundi dakika moja, ingiza Nihiloxica, ndipo umlete Roni Size. Kila mara taja jina la aliyepiga ngoma au aliyetengeneza biti kabla ya jina la mwimbaji. Kama hulijui, litafute kwanza, kisha ndiyo uupige wimbo.